Baada ya Filimbi ya Mwisho, Mtoto Yuko na Nani?

Juma hili tunaweka kando mambo ya jiko na ushonaji. Mama mmoja wa kambini, huku Tororo, ametuletea swali ambalo twaamini linawahusu wengi. Mwanawe wa miaka 12 ameingizwa katika timu ya vijana ya kandanda. Jumamosi timu hupanda gari ikaenda kucheza Busia, na mara mbili sasa imevuka mpaka na kulala upande wa Kenya. Mwalimu wa timu ni mtu wa watu. Huwaamkia wazee kwa heshima, na mtoto amemnunulia viatu vya mpira ambavyo mama asingeweza kuvinunua kabla ya mwisho wa mwezi. Baba wa mtoto yuko kazini Somalia. Mama anauliza: je, ni adabu kumwuliza mwalimu mahali watoto wanapolala, au ataonekana mtu asiye na shukrani?

Jibu letu ni fupi: aulize, tena aulize leo. Sababu zake ndizo ndefu.

Hatusemi kwamba michezo ni mibaya. Mtoto wa kambini ambaye amehamishwa shule mara tatu kwa uhamisho wa baba yake hupata marafiki upesi uwanjani kuliko mahali pengine popote, na kijana aliyechoka kwa mazoezi hana nguvu za kwenda kuvuta bangi nyuma ya soko. Walio wengi kati ya waalimu wa timu zetu ni watu wema wanaojitolea bila malipo. Neno letu halitoi lawama kwa hao, na mtu mwema hawezi kuchukia kuulizwa.

Sisi tuliopitia chuo cha ualimu twajua jinsi mwalimu wa shule anavyofungwa kwa kamba nyingi kabla hajapewa chaki. Ana cheti. Jina lake limo katika daftari. Yuko mwalimu mkuu juu yake, na mkaguzi juu ya mwalimu mkuu. Huko Kenya, Tume ya Huduma za Waalimu ilitoa waraka wake namba 3 wa mwaka 2010 juu ya kuwalinda wanafunzi na waalimu waovu, na mwalimu akithibitika kumharibu mtoto, jina lake hufutwa na kutangazwa ili shule nyingine isimwajiri. Huku Uganda, Sheria ya Watoto ilivyorekebishwa mwaka 2016 yamtaka mwalimu, na mganga pia, atoe taarifa anapokuwa na sababu ya kuamini kwamba mtoto anadhulumiwa. Lakini kamba hizo zote huishia Ijumaa jioni. Jumamosi mtoto yule yule anakabidhiwa kwa mtu mwenye filimbi shingoni, na hakuna anayeuliza cheti wala jina la baba yake. Wapo makocha wenye leseni, ni kweli. Lakini timu nyingi za mitaa na za kambi zinafundishwa na watu wa kujitolea ambao hawakuandikwa popote. Mtu ambaye hakuandikwa popote hana daftari la kufutwa.

Sasa mtazame mtu huyo hapa kwetu mpakani. Busia ni mji mmoja wenye serikali mbili. Ukitoka mtaa wa Sofia unahesabu hatua chache tu, umekwisha kuingia Kenya. Yasemwa kwamba hata neno bodaboda lilizaliwa katika mpaka huu, kwa wale vijana wa baiskeli waliokuwa wakichukua abiria kutoka kizuizi kimoja hadi kingine. Tangu kituo cha pamoja cha mpakani kilipofunguliwa rasmi mwaka 2018 kuvuka kumekuwa kwepesi zaidi, na asiyetaka kupita kituoni anazijua njia za panya. Wateso wako pande zote mbili, Wasamia kadhalika. Mashemeji huvuka kwenda kwenye matanga na kurudi jioni. Hiyo ni neema. Lakini mwalimu wa timu aliyefukuzwa upande mmoja kwa mwenendo mbaya naye huvuka kwa wepesi huo huo. Ng'ambo ya barabara anakuwa mgeni mwenye ujuzi. Amenunua laini mpya ya simu, filimbi ni ile ile, na juma linalofuata amekwisha pata watoto 20.

Aghalabu viongozi wa timu ya kwanza wanajua. Waliketi, wakamwita, wakamwambia aondoke kimya kimya ili jina la timu lisichafuke na mtoto asiaibike. Wanadhani wamemaliza shauri. Kumbe wamempa jirani yao mzigo bila kumwambia ndani mna nini.

Asidhani mtu kwamba hayo ni ya mipakani mwa Afrika tu. Huko Uingereza, ambako klabu za mpira zina fedha na maofisi, alikuwako kocha wa vijana, Barry Bennell, aliyesifiwa kwa jicho lake la kutambua vipaji. Alifanya kazi Crewe Alexandra na alihusiana na klabu nyingine, Manchester City ikiwa mojawapo. Wavulana walilala nyumbani kwake mwisho wa juma. Nyumba ilijaa michezo na wanyama wa kufugwa, hata tumbili. Wazazi waliona fahari mtoto wao kualikwa. Minong'ono ilikuwapo, lakini minong'ono haiandikwi katika daftari. Alipotiwa hatiani mara ya kwanza haikuwa kwao. Ilikuwa Marekani, katika miaka ya 1990, kwa jambo alilolifanya huko alipokuwa amesafiri na timu ya watoto. Novemba 2016 mchezaji wa zamani, Andy Woodward, alijitokeza gazetini kwa jina lake na kueleza aliyotendewa utotoni, na baada yake wakajitokeza mamia. Bennell alihukumiwa mwaka 2018 kifungo cha miaka 30, naye akafia gerezani mwaka 2023. Uchunguzi uliosimamiwa na mwanasheria Clive Sheldon, uliotolewa Machi 2021, uliangalia mpira wa Uingereza tangu 1970 hadi 2005 na kuhesabu waliodhulumiwa wasiopungua 692 na watuhumiwa wasiopungua 240. (Wale wanaosema kwamba hatari hii ni ya mabinti peke yao na wazisome tena hesabu hizo, walio wengi humo walikuwa wavulana.)

Na kwetu? Tupande kutoka Tororo kupita Mbale hadi miteremko ya Mlima Elgon, wanakotoka wakimbiaji wetu. Moses Kipsiro aliiletea Uganda medali mbili za dhahabu katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Delhi mwaka 2010. Mnamo 2013 wasichana wakimbiaji, wengine wakiwa bado wadogo, walimweleza kwamba kocha mmoja alikuwa akiwataka kimwili kambini, na kwamba waliambiwa mimba ingewaongezea mbio. Kocha aliyetajwa alikana. Kipsiro alikuwa na jina kubwa na angeweza kusema hayamhusu. Hakusema hivyo, aliyafikisha mbele, na malipo yake yakawa ujumbe wa simu wa kumtishia maisha, jambo lililotangazwa hadi ng'ambo mapema mwaka 2014. Katika mwaka huo huo wa vitisho alikwenda Glasgow na kushinda dhahabu ya mita 10,000.

Tunaomba msomaji atazame jambo moja katika habari hiyo. Wasichana wale hawakukosa wazazi. Walikuwa nao, lakini wazazi walikuwa mbali na kambi. Kambini aliyegawa chakula, vitanda, safari na nafasi katika timu alikuwa kocha. Mtoto aliye katika hali hiyo hawezi kusema hapana, maana hapana yake ingemgharimu kila kitu mara moja.

Hapo ndipo tunarudi kwa familia zetu za askari. Tangu mwaka 2007 majeshi yetu yamekuwa yakienda Somalia, na askari polisi naye hupangiwa kituo kilicho mbali na nyumbani. Mtoto hubaki na mama, na mama ana wengine wanne wa kuwatazama. Mtu mwenye nia mbaya hamchagui mtoto ovyo. Humtafuta yule ambaye baba hayupo, ambaye ada inachelewa, ambaye anatamani mtu mzima amwambie amefanya vyema. Kwanza huleta viatu. Kisha fedha kidogo za soda, kisha simu kuukuu ili waweze kupigiana. Kisha siri. Siri ya kwanza huwa ndogo na haina madhara yanayoonekana: usimwambie mama nimekupa hiki, usiwaambie wenzako nimekuahidi namba tisa.

Mara nyingi siri hiyo ya kwanza huwa ni umri. Hili tulitazame vizuri, kwa sababu wazazi wengi wanalicheka. Kijana wa miaka 16 anaandikwa 13 ili timu ishinde kombe. Tunajua tatizo hili limekuwa kubwa hata FIFA ikaanza mwaka 2009 kupima mifupa ya kifundo cha mkono kwa mashine katika Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17. Kwetu sisi wa nyumbani ubaya wake ni wa namna mbili. Yule mtoto wa kweli wa miaka 13 anakanyagwa na mtu mwenye ndevu na kulala naye chumba kimoja safarini. Na yule aliyedanganya amekwisha fungwa, maana kocha anaweza kumwambia siku yoyote, ukinisema nami nitakusema. Mzazi aliyetia sahihi umri wa uongo naye hataweza kupaza sauti.

Na iko aibu ya cheo. Kambini kocha huenda akawa sajenti, na baba wa mtoto ni askari wa kawaida. Mama huogopa kwamba akiuliza, baba ataharibiwa kazini. Twasema wazi: sheria haikuangalia tepe za begani. Sheria ya Makosa ya Jinai ya Uganda, ilivyorekebishwa mwaka 2007, huhesabu unajisi kuwa mzito zaidi pale mtendaji alipokuwa mzazi, mlezi au mtu mwenye mamlaka juu ya mtoto, na adhabu yake ya juu kabisa ni kifo. Mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka 18, wala hakuna kuridhia kwake kunakomwokoa mkosaji. Akivuka Kenya hakwepi kitu: Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 2006 inaweka kifungo cha maisha kwa anayemnajisi mtoto wa miaka 11 au chini ya hapo, kisichopungua miaka 20 kwa mtoto wa miaka 12 hadi 15, na kisichopungua miaka 15 kwa wa 16 hadi 18.

Juu ya kulala ng'ambo, iko kanuni ambayo watu wa Busia na Tororo wangeifurahia kama wangeijua. FIFA inakataza mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhamishwa kutoka nchi moja kwenda nyingine. Kuna nafasi chache zilizoachwa wazi, na moja yafanana kana kwamba iliandikwa kwa ajili yetu. Mtoto anayekaa si zaidi ya kilomita 50 kutoka mpakani aweza kuandikishwa na klabu ya nchi jirani iliyo nayo si zaidi ya kilomita 50 kutoka mpaka huo, mradi nyumbani kwake na klabu visipitane kilomita 100, na mashirikisho yote mawili yaridhie. Sharti linalobaki ndilo tunalolipenda: mtoto lazima aendelee kukaa nyumbani kwao. Avuke, acheze, arudi alale kwa mama yake. Kanuni hii huzibana klabu zilizoandikishwa, wala haizigusi timu za mtaani. Lakini kama wakuu wa mpira duniani waliona kwamba hata mchezaji hodari wa mpakani yafaa alale kwao, timu ya watoto wa miaka 12 ina udhuru gani? Kutoka Busia hadi Tororo ni chini ya saa moja kwa gari. Mechi ya saa tisa alasiri haiwezi kuwa sababu ya kulala Kenya.

Kwa hiyo mama yetu aende uwanjani wakati wa mazoezi, si usiku kwa simu, na aseme kwa upole: "Mwalimu, nashukuru kwa kumtunza mwanangu. Naomba kujua, kabla ya kuja kwetu ulikuwa unafundisha wapi?" Apewe jina la timu na la kiongozi wake. Kisha afanye jambo ambalo wazazi hawalifanyi, yaani aende huko au amtume shemeji aliye ng'ambo akaulize. Nauli ya bodaboda inatosha. Asiulize kama anajua mpira. Aulize kwa nini aliondoka, na kama wangempokea tena. Mtu akisita katika swali la pili, hilo nalo ni jibu. Viongozi wa timu za pande zote mbili wangefanya vyema kupeana barua mtu anapohama, yenye mihuri, hata kama hakuna shirikisho lililowaagiza. Barua ya namna hiyo ingekuwa ndiyo daftari tunalolikosa.

Aulize pia wako watu wazima wangapi safarini. Mmoja hatoshi, wawe wawili, wasio ndugu, na timu ya wasichana iwe na mwanamke ambaye si mke wa kocha. Kumkanda mtoto aliyeumia kufanyike mbele ya watu. Mtoto mmoja peke yake asibaki wa mwisho katika gari au kwenye bodaboda ya mwalimu. Ujumbe wa simu upitie kwa mzazi. Zawadi na itolewe kwa timu, au ipitie mikononi mwa mama. Na kila safari ya kuvuka iwe na karatasi ya ruhusa yenye majina, saa ya kurudi na simu ya mzazi, nakala moja ibaki kwa mwenyekiti wa mtaa au ofisi ya kambi. Asiyekuwa na karatasi hiyo mbele ya maofisa wa mpakani asishangae akizuiwa. Uganda ina sheria ya kuzuia biashara ya kusafirisha watu tangu 2009, na Kenya tangu 2010, nao wana haki ya kuuliza watoto hawa ni wa nani.

Tukiwa bado uwanjani, tusisahau mbingu. Nchi zinazozunguka Ziwa Viktoria hupigwa na radi kwa wingi, na mvua zetu hupenda kuja alasiri, saa za mpira. Agosti 2020 katika wilaya ya Arua radi iliwaua watoto 10 waliokuwa wakicheza kandanda na kukimbilia kibandani mvua ilipoanza. Kibanda cha nyasi si kinga, wala mti. Ngurumo ikisikika mchezo usimame, watoto waingie katika jengo kubwa la matofali au ndani ya gari lililofungwa, na wasirudi mpaka zipite dakika 30 bila ngurumo. Yule mtu mzima wa pili tuliyemtaja ana kazi hapa pia, kwa kuwa kocha anayeongoza kwa bao moja hupungukiwa masikio.

Limebaki neno gumu. Mtoto akisema, au asiposema lakini anaanza kukataa mazoezi aliyoyapenda, kulia usiku, kuficha fedha, kumwogopa mtu mmoja, kaa naye. Usimpige, wala usimwulize kwa nini alikwenda. Mwambie umemsadiki. Ikiwa ametendewa siku za karibuni, asioge kwanza, na nguo zake zitiwe katika karatasi, si mfuko wa plastiki. Apelekwe hospitali upesi, kwa maana dawa za kumkinga na virusi vya UKIMWI zapaswa kuanzwa kabla ya saa 72 kupita. Kituoni omba kitengo cha ulinzi wa mtoto na familia. Ukiwa Kenya, dawati la jinsia. Watakuja wazee wenye nia njema na kusema yamalizwe nyumbani kwa mbuzi au kwa fedha. Mbuzi huyo hamponyi mtoto, na mtu yule mwezi ujao atakuwa na timu nyingine.

Asiyeweza kwenda kituoni, labda kwa sababu mtuhumiwa ni mwenzao wa kituo hicho hicho, ana njia nyingine. Namba 116 ya kuwasaidia watoto hupigwa bila malipo, na ni hiyo hiyo katika nchi zote mbili. Upande wa Uganda huitwa Sauti. Ila kwa wakazi wa Busia na Malaba tunaongeza tahadhari moja. Simu zetu hushika mtandao wa ng'ambo bila kutuambia, na huenda ukapiga ukiwa Sofia akajibu mtu wa Kenya. Usikate. Taja kwanza upande uliopo, kisha upande ambako mtoto yuko usiku huo.